Kihenge cha Kwenda Nyotani

Maposeni,
Jumatano, 12 Juni 2024

Mke wangu mdogo Noela,

Chombo chako cha kwendea nyotani kimekwisha. Nimekimaliza jana saa tisa alasiri, kikang'aa hadi kuku wakatafuta pa kujificha. Frida muuza nyanya, huyu huyu aliyekuletea barua, alipokiona alitua ndoo akajifanyia ishara ya msalaba. Nilipobonyeza kitufe kikatetemeka kikataka kuondoka, ikabidi nikifunge kamba kwenye mpapai.

Haya, nimekuacha ufurahi kidogo, sasa nikwambie. Mpaka leo kuna duara moja la mianzi na kamba. Kuku wako wanaparua kama kawaida. Frida msalaba alijifanyia kweli, lakini ni kwa sababu yangu mimi: alinikuta nimejikunja ndani ya duara kama mtoto kwenye beseni, napima kama rafiki yako Hilda ataenea. Lakini duara ni zuri, Noela. Tangu mchoro wako ufike situlii. Mtu wa miaka sabini na sita, shule nimeishia darasa la nne kwa kumrushia mwalimu panzi, leo ndiye nimepewa kazi ya kuunda chombo cha angani. Wale waliofika darasa la saba wako wapi?

Umeniandikia kwamba filamu yenu ni ya dakika kumi, ya mashindano ya Dar es Salaam, na kwamba mwaka jana chombo chenu cha maboksi kiliangushwa na upepo mbele ya kamera, watu wakacheka. Hiki changu upepo utakizunguka kwa heshima. Nimeutazama mchoro wako sana. Mwili wa mviringo, kofia yenye ncha, mlango mdogo kwa chini, miguu mitatu, na kila mguu umevaa bati kama sketi. Ukiondoa yale mapezi ya pembeni, mke wangu, umenichorea kihenge cha kuhifadhia mahindi. Na kusuka kihenge ndiyo kazi pekee duniani niliyoijua bila kufundishwa kwa kiboko. Nitakisuka kwa mianzi, nibandike karatasi za mifuko ya saruji kwa uji wa muhogo, nipake rangi ya fedha, na watu wa Dar wataona chombo cha angani.

Zile elfu arobaini zimenunua kopo la rangi na misumari. Kilichobaki kimenunua pombe kidogo ya kangara, kwa sababu fundi akikauka koo mikono nayo hukauka.

Bibi yako Kunegunda yuko Lusewa kwa dada yake, wanavuna. Atarudi mwezi wa saba, na ni vizuri. Miaka tisa ananiomba kihenge kipya, miaka tisa namwambia mgongo unauma. Akinikuta nakusukia wewe, mgongo utauma kweli.

Usinipigie simu. Betri yake nimeitoa, naijaribu kwenye taa ya chombo.

Mumeo mzee,
Egidi Mapunda

*

Ruhuwiko, Songea,
Jumamosi, 15 Juni 2024

Babu, shikamoo.

Kazini natoa fotokopi za barua za watu kutwa nzima, lakini ya kwangu mwenyewe sijaandika tangu sekondari. Umenirudisha kwenye bahasha kwa sababu ya betri. Haya mume wangu, tuandikiane.

Nilisoma mwanzo wa barua yako nikaruka dukani mbele ya wateja. Nikafika kwenye mpapai nikaketi. Uongo wako naujua, ila siwezi kukukasirikia mtu uliyemsingizia kicheche kosa langu la utotoni.

Sasa nisikilize kwa makini. Kamera ni ya Edwin, mpiga picha za harusi. Mwezi wa saba kila Jumamosi ana harusi isipokuwa moja, tarehe 13. Siku hiyo anatupa kamera na mikono yake bure. Bosi wangu amenipa ruhusa siku hiyo hiyo. Mwisho wa kutuma filamu ni tarehe 10 Agosti. Huu ni mwaka wangu wa tatu kujaribu, na mama ameshasema nikishindwa tena niache michezo nikasomee ualimu. Tarehe 13 ikipita, filamu hakuna.

Jambo kubwa ni mlango. Chombo kimetua shambani, kimya. Mlango unajifungua wenyewe, polepole, Hilda anatoka akiwa amevaa koti la mvua nililolipaka rangi. Watu wa kijiji wanamtazama. Basi. Hapo ndipo filamu yote ilipo. Mlango ukikwama tumekwisha.

Na tafadhali, usiguse vitu vya Bibi.

Mkeo mdogo,
Noela

*

Maposeni,
Jumatatu, 24 Juni 2024

Mke wangu,

Safari hii sidanganyi, muulize Frida. Kimesimama.

Kimo chake ni mtu na nusu. Nimesuka siku nane, vidole vimechanika kama vya mwali wa siku ya kwanza jikoni, na mgongo haukuuma hata siku moja, jambo ambalo tutalifanya siri. Miguu ni magogo matatu ya mkaratusi, na zile sketi za bati nimezikata kwenye madebe ya mafuta. Mapezi nimeyatengeneza kwa ungo mkuukuu uliokatwa katikati. Nimeweka tabaka tatu za karatasi ya saruji, rangi juu. Jua la asubuhi likikipiga huwezi kukitazama. Jana katekista alipita na baiskeli akikishangaa, akaingia mtaroni, na maneno aliyoyasema humo hayamo kwenye katekisimu.

Mlango sasa. Ni rimu ya baiskeli iliyofungwa ubao. Kamba ya katani inapita juu kwenye gurudumu dogo, inashuka nyuma, inashikilia jiwe. Mimi najificha nyuma, naachia jiwe taratibu, mlango unapanda wenyewe huku ukilia ng'iiii. Nimeufungua mara arobaini. Mara ya arobaini nilipiga makofi peke yangu kama kichaa.

Kuna jambo dogo. Ulisema nisiguse vitu vya Bibi, na mimi sikugusa, ila hotipoti. Ile ya maua ya waridi aliyopewa na akina mama wa jumuiya kwenye jubilei yetu ya ndoa, yenye maandishi ya hongera. Tangu siku hiyo inakaa kabatini kama mtakatifu, haijawahi kuonja hata wali. Bakuli lake la ndani la chuma linarudisha mwanga kama taa ya lori. Nimelifunga kileleni na betri ya simu, na mfuniko wake juu. Maua na maandishi nimeyapaka rangi, huwezi kujua. Nikiwasha, chombo kinapumua.

Jambo la pili ni dogo zaidi. Bibi shamba wetu mpya, Judica, yule wa kutoka Kilimanjaro, alikuja. Akakizunguka chombo mara mbili, akapiga picha, akagonga ubavuni. Akaniuliza, "Mzee, hiki kihenge umekibuni mwenyewe?"

Nilitaka kumwambia. Lakini mdomo huu, Noela, ulisema ndiyo kabla yangu. Akauliza sketi za miguuni, nikasema ni za kuzuia panya. Akauliza taa ya juu, nikasema inapima unyevu. Akauliza mapezi, nikasema, "Hayo utayaelewa ukikaa sana huku." Ameandika yote. Ataleta wakulima ishirini kujifunza Alhamisi tarehe 11. Ni siku mbili kabla yenu, hakuna kitakachoharibika.

Mumeo, mvumbuzi,
Egidi

*

Ruhuwiko,
Alhamisi, 27 Juni 2024

Babu, shikamoo.

Frida ameapa kuwa ni kweli. Amesema kinatisha. Babu, hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri miaka mitatu. Nimemkumbatia na nyanya zake.

Nimemwambia Edwin, naye Ijumaa ataondoka mapema kwenye sherehe ya binamu yake ili awahi kulala. Hilda anafanya mazoezi ya kutembea kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga udongo. Taa ya kileleni imenipendeza kabla sijaiona, na sitaki maelezo zaidi kuihusu.

Ila mwambie bibi shamba ukweli. Wakulima ishirini, Babu. Mwambie leo.

Tunafika Jumamosi tarehe 13, saa mbili asubuhi.

Mkeo mwenye furaha kuliko wote Ruhuwiko,
Noela

*

Maposeni,
Ijumaa, 5 Julai 2024

Mjukuu wangu Noela,

Habari za huko. Sisi ni wazima. Bibi yako amerudi salama kutoka Lusewa.

Nimeonelea msije tarehe 13. Rangi inahitaji kupumzika. Labda mwezi wa tisa.

Wako,
Egidi Mapunda

*

Ruhuwiko,
Jumapili, 7 Julai 2024

Babu,

Umeniita mjukuu. Tangu nizaliwe hujaniita mjukuu, hata siku ya kipaimara changu uliniita mke wangu mbele ya Askofu mpaka padre akakohoa. Rangi haipumziki, Babu. Rangi inakauka. Umefanya nini?

Nimekwambia hakuna mwezi wa tisa. Kamera ni siku hiyo moja. Nimeshazungumza na watu kumi na wawili wa kuigiza wanakijiji. Kama kimeanguka, sema kimeanguka, nije tukisimamishe. Kama umekiuza, sema. Lakini usiniandikie tena barua ya serikali.

Noela

*

Maposeni,
Jumanne, 9 Julai 2024

Mke wangu,

Hakijaanguka. Kingeanguka ningeshukuru.

Jumanne iliyopita Kunegunda alishuka kwenye lori na magunia matano ya mahindi, mgawo wake wa Lusewa. Akakiona chombo kutoka barabarani. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kabisa, nimeyafanyia mazoezi kwa mbuzi. Akatua mkoba. Akatembea mpaka pale, akaweka kiganja ubavuni mwa chombo, akaanza kulia. Halafu akasema, "Egidi. Miaka tisa. Kumbe ulikuwa unanisubiri niondoke ili unifurahishe."

Noela, akanishika shavu. Mara ya mwisho kunishika shavu ilikuwa mwaka tisini na mbili, na nilikuwa na jino.

Maneno yote ya mbuzi yakaniishia. Kabla jua halijatua alikuwa amepanda kwenye ngazi, amefunua kofia ya chombo na kumwaga gunia la tano. Kimejaa mpaka shingoni. Hilda wako hawezi kuingiza humo hata kidole gumba. Mwaka jana dumuzi walikula nusu ya mahindi yetu, tukanunua unga kuanzia mwezi wa kwanza, sasa Bibi anakipapasa hicho chombo kila akipita kama ndama.

Na ananipa mayai. Mawili kila asubuhi, ya kukaanga, na kitunguu. Mimi niliyekuwa napewa uji na maneno. Kila nikimeza naona uso wako.

Alhamisi Judica analeta wale wakulima ishirini. Bibi ameshaandaa togwa na ameshona sare ya kichwa. Nikisema ukweli, nimemvunja moyo mbele ya kata nzima. Nisiposema, nimekuua wewe na filamu yako. Nimetafuta mtu wa kumsingizia, sijampata. Niambie la kufanya. Darasa la nne hawakutufundisha hili.

Mumeo, mwoga,
Egidi

*

Maposeni,
Jumatano, 10 Julai 2024

Mjukuu wangu Noela,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua hii nampa Frida asubuhi hii hii, babu yako asijue. Machozi yangu ya siku ile yalikuwa ya kweli. Lakini jioni yake nilichukua koti lake la kanisani nilipige pasi, nikakuta barua zako na mchoro. Huyo mtu ameishi nami miaka hamsini na moja hajui kwamba mifuko ya koti lake huwa naiona mimi kabla yake.

Nilikaa kitandani. Kwanza nilitaka kumwagia pasi ya moto. Halafu nikacheka mpaka nikalala chali. Nikaamua nisiseme neno, nimwongezee mayai. Anayala kama anakula misumari. Mwache ale.

Sasa kuhusu kazi yako. Mahindi hayatoki. Hilo lishike. Nimeshinda nayo Lusewa wiki tano na kifua kinaniuma kwa vumbi. Lakini kamera na ije Jumamosi kama mlivyopanga, kwa sababu nimeisoma hadithi yako na ina kasoro. Huyo Hilda ametoka nyotani, amesafiri hata sijui miaka mingapi, anafika kwenye kijiji cha watu, anatoka mikono mitupu anasimama anatazamwa. Mgeni gani huyo? Hata mimi kwenda Lusewa, mwendo wa siku moja, nilibeba sukari.

Msiweke mtu. Mlango ufunguke wenyewe kama ulivyotaka, watu wangoje kuona nani atatoka, na yatoke mahindi. Yamwagike tu. Wenye chombo labda wamekufa huko, au wamezeeka hawawezi safari, wametuma mbegu. Nitatandika turubai chini, na mkimaliza mtanijazia tena, kila punje. Hilda naye awe mwanakijiji. Na mwanamke wa kwanza kukinga mikono nitakuwa mimi, kwa sababu ni mahindi yangu.

Kuna kitu kimoja tu sikielewi. Hotipoti yangu ya waridi haipo kabatini. Babu yako anasema amemwazimisha katekista, katekista anasema hajaiona. Kihenge nimesamehe. Hotipoti ile nilipewa na wanawake kumi na sita, sita kati yao sasa ni marehemu. Atakayekuwa ameichukua, sitamsamehe kwa mayai.

Bibi yako,
Kunegunda

*

Ruhuwiko,
Jumatatu, 22 Julai 2024

Babu, shikamoo.

Edwin amemaliza kuunganisha filamu jana. Nimeitazama mara kumi na moja. Siwezi kula.

Siku ile nilikuwa nakimbia huku na huku, sikuona kitu. Sasa nimeona. Ukungu ule wa asubuhi, watu wamesimama kwenye mabua makavu na blanketi zao, chombo kinang'aa, kimya. Halafu ng'iiii. Mlango unapanda, hakuna mtu. Unaona nyuso zao zikingoja. Kisha punje moja inadondoka kwenye turubai, tak. Ya pili. Halafu yanafunguka yote, Babu, kama mvua ya bati, na Bibi anapiga magoti na kukinga mikono. Hakuigiza. Alikuwa anayatazama yale mahindi kama anavyoyatazama siku zote. Edwin, aliyekwisha piga harusi mia mbili bila kutoa chozi, alifuta jicho kwa kile kitambaa cha lenzi.

Judica ameniandikia ujumbe. Anasema Alhamisi ile, Bibi alipowaambia wakulima ukweli wote wa chombo huku wewe umejificha chooni, walicheka kidogo tu, halafu tisa kati yao wakataka kusukiwa cha kwao, na mapezi yawepo. Kihenge ni kihenge, ndivyo alivyosema.

Filamu tunaituma tarehe 5 Agosti. Lakini kwanza, Jumapili tarehe 4, baada ya misa ya pili, padre ametupa ukumbi wa parokia huko huko kwenu tuionyeshe. Tutafunga shuka jeupe ukuta mzima. Bibi nimemwekea kiti cha mbele kabisa, katikati.

Na nimekuandalia zawadi. Edwin alipanda ngazi akaipiga ile taa ya kileleni kwa karibu sana. Rangi ilikuwa imeanza kubanduka kwenye ile plastiki, na mwanga wa ndani unapita kwenye maua mekundu na maandishi, yanawaka na kuzima. Ni picha nzuri kuliko zote. Tumeiacha ikae sekunde ishirini. Kwenye shuka lile itakuwa kubwa kama mlango wa kanisa.

Mkeo,
Noela

*

Maposeni,
Jumatatu, 29 Julai 2024

Mke wangu, ua langu, mboni yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa mezani mbele ya yai. Nilipofika pale pa maua mekundu nililiacha yai likapoa.

Kwanza nikusifu. Umeshinda. Sijali hao wa Dar watasema nini, umeshinda hapa kwetu kwanza. Jana kijiweni Maposeni nzima ilikuwa inabishana kama wale wa nyotani wamekufa au wamezeeka tu. Mimi nimesema wamezeeka, wana migongo, na wake zao hawawaamini. Nina vihenge vitatu vimeshaanza kusukwa, Judica ameniletea kofia, na mgongo umepona, maana yule mwanamke sasa anajua kuwa haukuwahi kuugua. Jioni ya siku ya wakulima ndipo alipoutoa mchoro wako kifuani mwake mbele yangu akaukunjua taratibu. Siku tisa nzima nilikuwa namezeshwa mayai na mtu anayejua kila kitu. Nimemheshimu upya.

Lakini ile moja haijui. Siku ya kujaza alifunua kofia, lakini ilikuwa bado imejificha chini ya rangi, na sasa kule juu macho yake hayafiki. Kila siku anafungua kabati, anatazama pale palipo wazi, anafunga. Jana aliwataja wale sita marehemu kwenye rozari, jina kwa jina, kisha akanigeukia. Na wewe unataka kumweka kiti cha mbele, katikati, aone neno HONGERA MAMA KUNEGUNDA kubwa kama mlango wa kanisa, sekunde ishirini.

Sikwambii uikate picha hiyo. Mimi ni fundi, najua kazi nzuri, na kama ni kufa nife imeonyeshwa. Nakuomba jambo dogo tu.

Ulipokuwa na miaka tisa uliuza jogoo wa Bibi kwa muuza barafu ukarudi na ulimi wa kijani. Nilikaa mbele ya mwanamke yule nikamwambia ni kicheche. Akanituma nitege mitego wiki nzima. Niliamka kila siku asubuhi na baridi la Juni kukagua mtego wa mnyama niliyemtunga mwenyewe, na mara mbili nikakinasa kidole changu. Sikukutaja, wala sijawahi kukudai.

Sasa Jumapili njoo mapema, kabla ya misa, na hotipoti mpya mkononi, yenye maua yoyote. Piga magoti mbele ya Bibi yako, sema uliichukua ile ya kwanza bila kuniambia, ulipotewa na akili kwa sababu ya filamu. Wewe atakusamehe, una sura ya mama yake. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni natikisa kichwa kwa masikitiko.

Kuwa kicheche wangu, Noela. Ni kwa asubuhi moja tu.

Mumeo mzee,
Egidi Mapunda
Fundi Mkuu wa Anga, Maposeni